UZI: Kwa shujaa huenda kilio. Kilio hicho ni cha nani?

KaraniWaMpakani (mleta uzi)

Wadau, salaam.

Keshokutwa ni tarehe 16 Februari, sikukuu ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana la Uganda. Huku Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, malori hayajui sikukuu, kwa hiyo nitakuwa kazini na makaratasi yangu kama kawaida. Lakini kila mwaka siku hiyo ikikaribia kuna jambo hunirudia, na leo nimeona nilitoe.

Mimi ni mtu wa Tororo. Utotoni mwangu redio ikimtaja Luwum, babu alikuwa lazima aongeze: "Na Oboth Ofumbi." Charles Oboth Ofumbi ni wa kwetu, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na aliuawa siku ileile ya mwaka 1977 pamoja na askofu mkuu na waziri mwingine, Erinayo Oryema. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Babu akifika hapo alikuwa anacheka kicheko kibaya, anasema: "Gari gani hilo linalopiga abiria wake risasi?" Maana jeneza la Luwum lilipofikishwa kwao Mucwini, huko Kitgum, watu walilifungua na matundu wakayaona kwa macho.

Kwa wadogo zetu wasiojua: tarehe 5 Februari askari waliivamia nyumba ya askofu mkuu usiku wakidai wanatafuta silaha. Siku chache baadaye maaskofu wakamwandikia Rais Idi Amin barua, wakamweleza bila kuzunguka kwamba watu wanauawa na wanajeshi hawana mipaka. Tarehe 16 wakaitwa Kampala, wakasimamishwa juani mbele ya wanajeshi, silaha zimepangwa pale kama ushahidi. Askari wakaulizwa hawa wafanywe nini, wakajibu kwa kelele wauawe. Maaskofu wengine wakaruhusiwa kuondoka. Luwum akaambiwa abaki.

Sasa jambo langu. Tunasema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Shuleni mwalimu alitufafanulia kwamba ni onyo, usijitie hatarini kijinga. Ukubwani nimeanza kuisikiliza vingine. Kilio kinakwenda kwa shujaa, sawa, lakini shujaa mwenyewe halii, amekwisha kulala. Anayelia ni mke, ni watoto, ni mama yake mzee kule Mucwini. Barua ya maaskofu ilisainiwa na maaskofu. Wake zao hawakuulizwa.

Naomba nisieleweke vibaya, simlaumu Luwum hata kidogo. Nauliza kwa sababu niliona kitu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, mji mmoja wa huku mashariki, jioni, steji ya bodaboda. Kijana kakamatwa, inasemwa kaiba simu. Mnajua inavyokuwa: maneno dakika mbili, halafu tofali la kwanza. Mimi nilikuwa kama hatua kumi hivi. Simu iko mkononi. Sikupiga polisi, sikupiga picha, niliishika tu kama mtu anayengoja ujumbe uingie. Kijana akachomoka, akapepesuka, akaangukia sigiri ya mama mmoja mzee aliyekuwa anachoma mahindi. Makaa yakamwagika, mahindi yakaenda mavumbini. Yule mama akaanza kumtukana, tena matusi ya haja. Halafu, bado anatukana, akafungua leso kiunoni, akamfunika nayo yule kijana, akaketi chini palepale ubavuni mwake, mgongo kawapa watu. Akaanza kuokota mahindi yake. Moja moja. Anapuliza majivu, anapanga kwenye beseni. Aliyeshika tofali hakujua alitupe wapi bila kumpata yeye.

Polisi walikuja, kijana akaondolewa akiwa hai.

Baada ya wiki mbili hivi nikapita pale, mama hayupo. Kumbe vijana wa steji walimsusia, eti anafuga wezi. Akahamia barabara ya nyuma isiyo na wapitaji. Na nyumbani ana wajukuu watatu wanaokula kutoka kwenye beseni lile.

Kwa hiyo nauliza kwa dhati: mtu ana haki ya kuwa jasiri kwa chakula cha wajukuu? Karibuni.

Mwanza_Kwetu

Mkuu uzi mzito, nimesoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Mimi ni wa ng'ambo ya ziwa. Mzee wangu aliingia Kampala na JWTZ, jeshi la Tanzania lililomng'oa Amin, Aprili 1979. Tukimuuliza kama ni shujaa anakataa. Anasema yeye alikuwa na bunduki na wenzake kulia na kushoto, na kwamba uoga ungemletea matatizo makubwa zaidi kuliko ushujaa. Anasema jasiri ni yule aliyebaki mtaani miaka minane bila bunduki na bado akamjibu mtu vibaya. Naweka hapa, naendelea kusoma.

MtotoWaBombo

Assalaam aleikum. Ndugu Karani umeandika vizuri, nina neno.

Hao askari waliopiga kelele mwaka 1977, jeshi lao lilikuwa linaongea lugha gani? Hii hii tunayoandikia hapa. Mimi Mnubi wa Bombo nimekulia ndani yake. Ndiyo maana hadi leo ukipokea simu kwa Kiswahili ndani ya taxi ya Kampala kuna wazee wanasogea pembeni kidogo. Hawakutukani. Wanasogea tu. Ukitaka kujua kwa nini Kiswahili kimechukua miaka mingi kupendwa Buganda, usiulize maprofesa, muulize yule bibi alikisikia mara ya kwanza akiwa wapi.

Amin alipoanguka, ikawa zamu yetu kuwindwa. Mnubi, Mkakwa, wote tukaitwa watu wa Amin, hata aliyekuwa akiuza mandazi. Mama yangu alifichwa siku nne kwenye stoo ya mkaa na jirani yetu Mganda. Huyo jirani, ndugu yake wa kuzaliwa tumbo moja alichukuliwa na watu wa State Research, ujasusi wa Amin, hakurudi. Alikuwa na kila sababu ya kufungua ule mlango. Watoto wake walikuwa wanalala chumba cha pili, na kama mama angepatikana, nyumba nzima ingeteketea. Nikijibu swali lako kwa upande wangu: mimi nimezaliwa 1983. Nisipokubali kwamba alikuwa na haki, nitakuwa nakataa kuzaliwa.

Na jingine, maana kila Juni huwa nalisema na hakuna anayesikia. Mkitaja Namugongo mnakumbuka tarehe 3 Juni 1886, Charles Lwanga na wenzake, Wakristo waliouawa kwa imani yao. Haki yao. Lakini miaka kumi hivi kabla yao, Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, aliwaua Waislamu wapatao 70 palepale Namugongo. Kisa ni nyama. Kabaka mwenyewe aliwahi kufunga Ramadhani na kuwahimiza watu wasali, lakini hakutahiriwa, na wachinjaji wake vilevile. Vijana wa ikulu waliosoma dini wakakataa kula nyama ya mezani kwake na kukataa kusali nyuma yake. Fikiria hilo, ikulu, mbele ya mfalme, kijana anasema hapana, sili. Hawakuwa wanapigania nchi wala katiba. Kipande cha nyama.

MsemaKweli256

Mnawapaka wafu mafuta mpaka wanateleza.

Tuanze na Benedicto Kiwanuka, maana najua atatajwa tu. Nani alimpa ujaji mkuu? Amin, 1971. Aliupokea kwa mikono miwili. Oryema na Oboth Ofumbi walikuwa wapi miaka yote ile? Barazani, kwa Amin. Sasa wakiuawa wanageuka watakatifu? Na askofu Festo Kivengere, aliyekuwa pamoja na Luwum siku ile, alivuka milima usiku na mkewe akaingia Rwanda kwa miguu. Huyo mbona hapewi sikukuu? Kwa hesabu zenu, ukikimbia wewe ni mwoga, ukifa wewe ni shujaa, ukifa ukiwa umeshakula na dikteta wewe ni shujaa zaidi.

Mimi kwa Kivengere ndiko nasimama. Alikwenda, akaishi, akarudi Amin alipoondoka, akafanya kazi. Mke wake hakulia.

KalamuYaKorti

@MsemaKweli256 pole pole ssebo, hilo la Kiwanuka liweke vizuri.

Amin alipopindua Januari 1971, Kiwanuka alitoka jela. Rais Obote, aliyepinduliwa, ndiye alimfunga, 1969. Huyu ni mtu aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hii. Mtu anatoka kizuizini, anakabidhiwa mahakama, anakuwa raia wa Uganda wa kwanza kuwa Jaji Mkuu, wewe ulitaka asemeje? Kampala nzima ilikuwa barabarani inashangilia wakati ule. Kosa hilo alilifanya na taifa zima.

Tuangalie alichofanya mambo yalipochafuka. Septemba 1972 kulikuwa na Mwingereza mmoja, Stewart, wanajeshi wamemfungia. Ni mwezi uleule Wahindi wanafukuzwa, magazeti yamejaa chuki kwa wageni, hakuna kura wala sifa ungepata kwa kumtetea mzungu. Kiwanuka akatoa amri mahabusu aletwe mbele ya mahakama, na akasema wazi kwamba wanajeshi hawana mamlaka ya kumkamata raia. Sisi tunaoshinda kwenye korido za korti tunajua amri hiyo ni karatasi moja tu. Unaipiga mhuri, unampa tarishi. Tarehe 21 Septemba wakamfuata ofisini kwake, Mahakama Kuu, asubuhi, watu wanaona. Mwili wake haujapatikana mpaka leo.

Kinachonigusa mimi ni mtu gani aliyemtetea. Luwum alisemea kundi lake. Kiwanuka alimsemea mtu asiye wake, asiyependwa na yeyote, na huyo mtu aliachiwa. Familia ya Kiwanuka haikupata hata kaburi la kulilia. Karani, kama kilio ndicho kipimo chako, hapo kilio hakijaisha maana hakina mahali pa kukaa.

MsemaKweli256

Sawa, la Stewart nilikuwa sijui. La Kivengere bado nasimama nalo.

KalamuYaKorti

Hapo hata mimi sikupingi.

NesiWaGulu

Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu siandiki, ila leo mmenigusa.

Mwaka 2000 nilikuwa shuleni Gulu. Ebola ilipoingia tuliacha kushikana mikono. Kwetu Acholi kumsalimia mtu mzima bila mkono ni dharau, kwa hiyo tulikuwa tunapita tukiwa tumeinamisha vichwa kama watu waliokosana. Kanisani hata salamu ya amani iliondolewa. Waliougua walikuwa 425, wakafa 224.

Daktari Matthew Lukwiya alikuwa msimamizi wa hospitali ya Lacor, lakini wakati huo alikuwa Makerere anasoma. Wakampigia simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa na ugonjwa usioeleweka. Akapanda kwenda siku hiyohiyo. Hakusubiri vipimo vya maabara, alisoma mafaili usiku kucha na akafungua wodi ya kutenga wagonjwa. Wauguzi wenzangu wakubwa wanasimulia kwamba wenzao walipoanza kufa mfululizo, waliobaki waligoma, wakasema hospitali ifungwe. Akakaa nao kikao kirefu. Hakuwaamuru. Aliwaambia anayetaka kwenda aende, yeye atabaki.

Usiku mmoja wa Novemba akaitwa, muuguzi mmoja mgonjwa ameamka kitandani anatokwa damu, amechanganyikiwa, watu wanaogopa kumsogelea. Daktari alivaa barakoa, gauni, glovu jozi mbili. Miwani ya kukinga macho hakuvaa. Tarehe 5 Desemba akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 43, mke na watoto watano.

Mimi sasa ni nesi, na nikiwafundisha wapya kuvaa, kwenye miwani huwa nasimama. Sielezi hadithi yote. Nawaambia tu, vaa miwani, hata kama mtu anaanguka mbele yako, vaa kwanza miwani. Kuna wanaoniona sina huruma.

Karani aliuliza kama mtu ana haki. Huyo daktari mwaka 1989 waasi walikuja hospitalini Ijumaa Kuu kuchukua wauguzi, akasema mnichukue mimi. Akazunguka nao porini wiki nzima. Kwa hiyo mkewe alijua tangu zamani ameolewa na mtu wa namna gani. Sijui kama hilo ni jibu. Mimi mume wangu ni dereva wa basi la usiku, na mimi pia najua nimeolewa na nani.

MtotoWaBombo

Dada umenifanya niweke simu chini kidogo.

KaraniWaMpakani (mleta uzi)

Nimerudi. Foleni ilikwenda, nikapitisha malori manne, sasa nimekaa na chai.

@MsemaKweli256 la Kivengere nakupa lote. Barua ile ilikuwa yao wote. Aliyekimbia na aliyebaki waliandika sentensi zilezile, na barua haikuwa ya uongo kwa mmoja na ya kweli kwa mwingine.

@KalamuYaKorti kaburi lisilo na mtu nimekumbuka. Namirembe, kanisa kuu la Anglikana pale Kampala, Jumapili iliyofuata mauaji ya Luwum, kaburi lilichimbwa karibu na la Askofu Hannington, mwili haukuletwa, na watu wakajaa kuimba kando ya shimo tupu wakati watu wa usalama wamewazunguka. Hao walioimba hakuna anayejua majina yao.

@NesiWaGulu asante, mama. Umenipeleka kaskazini, na huko ndiko swali langu lilikokuwa linataka kwenda tangu mwanzo, ila niliogopa.

Mnakumbuka Aboke. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, walichukua wasichana 139 kutoka shule ya St. Mary's. Asubuhi naibu mwalimu mkuu, Sista Rachele Fassera, akawafuata porini na mwalimu mmoja, John Bosco Ocen. Wawili, kwa miguu, wakifuata maganda ya pipi njiani. Wakawapata. Sista akapiga magoti, akasema nichukueni mimi. Kamanda akachukua kijiti, akaandika ardhini: 139. Nakupa 109. Nabaki na 30.

Mimi kazi yangu ni hesabu. Kontena ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, ngapi zimebaki. Nimewahi kuiandika hesabu ile kwenye karatasi ya kazini, 139 kutoa 30, nikaichana. Yule sista alirudi na 109 na watu wakamshangilia, na kuna wazazi 30 waliokuwa wanatafuta nyuso kwenye mstari wasizione.

Mmoja wa wazazi hao ni Angelina Atyam, mkunga wa Lira. Binti yake wa miaka 14 alikuwa ndani ya ile 30. Yeye na wazazi wenzake wakaunda chama, akaanza kusema. Akasema Lira, akasema Kampala, akasema Ulaya na Marekani, na hakusemea Aboke tu, alisemea watoto wote waliochukuliwa vijijini ambao hawakuwa na shule yenye jina. Waasi wakachoka na kelele. Wakamfikishia ujumbe: nyamaza, tutakurudishia binti yako.

Akakataa. Akasema wote, au basi.

Hapa ndipo mimi huwa nakwama, wadau. Luwum alitoa uhai wake. Lukwiya wake. Huyu mama hakuombwa uhai wake. Aliombwa kunyamaza tu, kitu ambacho mimi nilikifanya bure pale steji, bila hata kuombwa. Na bei ya kutonyamaza haikulipwa na yeye, ililipwa na mtoto aliyekuwa porini, ambaye hakujua kwamba mlango ulifunguliwa na mama yake akaufunga. Binti alitoroka mwenyewe mwaka 2004, karibu miaka minane, akarudi akiwa mama. Kati ya wale 30, watano walifia huko. Angeweza kuwa mmojawapo.

Nimejaribu kumlaumu, nimeshindwa. Nimejaribu kumsifu, nayo imenishinda kidogo. Nikiwaza wale wazazi wengine 29 wamekaa naye chumba kimoja, halafu binti yake peke yake aingie mlangoni, naelewa kwamba pale palikuwa hapana jibu lisilo na kilio. Alichagua kilio kiwe cha kwake pia. Zaidi ya hapo siwezi kusema, na nadhani mwenye mtoto wa kike nyumbani atanielewa kwa nini nanyamaza hapa.

MsemaKweli256

Nina mabinti wawili. Mimi ningenyamaza. Siku hiyohiyo, bila kuoga.

NesiWaGulu

Hata mimi. Ndiyo maana namheshimu.

Mwanza_Kwetu

Karani, hujatumalizia. Yule mama wa mahindi ulimtafuta?

KaraniWaMpakani (mleta uzi)

Nilimtafuta. Yuko ile barabara ya nyuma, karibu na kinu cha kusaga. Nilinunua mahindi mawili ili nipate sababu ya kusimama. Nikamwambia nilikuwepo siku ile. Akaniangalia, akasema wengi walikuwepo.

Nikamuuliza aliwaza nini. Nilitegemea kitu cha Mungu, au kwamba alimwona kama mwanawe. Akasema hakuwaza kitu, alikuwa na hasira ya mahindi. Halafu mmoja wa wale vijana akainama kuchota makaa yaliyomwagika, kwa bati. Ndipo akatoa leso.

Akasema: "Makaa ni yangu, nimenunua. Wamchomee kwa makaa yangu?"

Nikauliza wajukuu je. Akasema wawili wanasoma, yule mdogo anakohoa sana, ni moshi wa kile kinu cha dizeli. Akanipa chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti, akanirudishia chenji, akaanza kumhudumia mtu mwingine.

Mwanza_Kwetu

Na leso?

KaraniWaMpakani (mleta uzi)

Haikurudi. Polisi waliondoka nayo pamoja na kijana. Hilo ndilo lilikuwa linamuuma kweli, alilitaja mara mbili.